Feni ya Gari Lililosimama

Kuna neno moja ambalo wanafunzi wetu walilitumia miaka mingi kabla sisi walimu hatujalikubali. Mwenzao akishindwa kujibu swali mbele ya darasa, walinong'onezana, "Amechemsha." Nami nikiwa mwalimu mkuu niliwakataza kulisema, nikiliona kuwa ni lugha ya vijiweni. Siku nilipochemsha mimi mwenyewe, pamoja na gari langu, katikati ya foleni ya Mkuyuni hapa Mwanza, ndipo nilipotambua kwamba watoto wale walikuwa wamelichagua neno lao vizuri.

Gari lenyewe ni Peugeot 504. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari zake, lakini vijana huniuliza ni gari gani hili lenye sura ya huzuni. Lilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 likachaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Ulaya. Sisi huku hatukulijua kwa tuzo hiyo. Tulilijua kwa mbio za Safari Rally, ambazo lilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Langu nililinunua mwaka 1991, likiwa limekwisha kutumika, kwa akiba yangu na sehemu ya fedha za pamba alizoniachia marehemu baba. Kwa mwalimu aliyetoka Chuo cha Ualimu Butimba akiwa na sanduku la bati na jozi moja ya viatu, gari hilo lilikuwa jambo kubwa. Limebeba watoto wangu kwenda shule, limebeba maharusi, limebeba jeneza la mama yangu.

Sasa nirudi Mkuyuni. Ilikuwa asubuhi ya mwezi Machi mwaka 2023. Mke wangu ana ugonjwa wa moyo, na siku hiyo pumzi ilikuwa ikimwishia hata akiwa ameketi. Tulitoka nyumbani Nyegezi kwenda Bugando. Tulipofika Mkuyuni magari yalikuwa yamesimama. Nikatazama geji ya joto. Sindano ilikuwa ikipanda kama mtu apandaye ngazi, taratibu lakini bila kugeuka nyuma. Baada ya dakika kumi mvuke ukaanza kutoka chini ya boneti. Nikazima injini.

Mke wangu hakusema neno la lawama. Aliita bajaji, nikamsaidia kuingia na kumwelekeza dereva. Nilipotaka kupanda naye alinizuia kwa mkono, akasema, "Mzee, utaliziba barabara. Baki na gari lako."

Nikabaki. Nilisimama kando ya barabara, boneti wazi, kama mwanafunzi aliyetolewa nje ya darasa. Kijana mmoja mwenye huruma alikuja na kitambaa akitaka kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimshika mkono kwa nguvu akashtuka. Msomaji, usikubali kamwe kufanya hivyo gari likiwa la moto. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwenye sufuria iliyo wazi maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100. Lakini ndani ya rejeta iliyofungwa, mgandamizo huyazuia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua kifuniko, mgandamizo unatoka ghafla, na maji yote yaliyokuwa yamezuiwa huchemka mara moja na kukurukia usoni.

Mke wangu alifika Bugando kwa bajaji, akatibiwa, na leo tunakula naye. Lakini maneno yale, "Baki na gari lako," yalinikaa moyoni. Alikuwa ameyasema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jioni ile mwanangu alipiga simu kutoka Dar es Salaam. "Baba, liuze. Nitakuongezea ununue IST, mama asafiri kwa amani." Alikuwa na haki. Nikamwambia mke wangu habari hiyo, naye akafikiri, akasema, "Gari ni lako. Ila mimi silipandi tena mpaka lisimame nusu saa linaunguruma pale uani, jua la saa saba, bila kuchemsha." Huo ndio mtihani niliotungiwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilikuwa upande wa watahiniwa.

Nililikokota gari hadi kwa fundi umeme wa magari mmoja huku kwetu, ambaye nilimfundisha shule ya msingi katika miaka ya 1990. Aliniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," akafuta mikono, akainama chini ya boneti kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza swali ambalo mimi ningepaswa kuwauliza wanafunzi: "Mwalimu, linachemsha likiwa linakwenda, au likiwa limesimama?"

"Likiwa limesimama," nikajibu. "Barabara ya Shinyanga halina shida hata kidogo."

"Basi tunatafuta upepo," akasema.

Akanieleza, na mimi naeleza hapa kwa maneno yangu. Takriban theluthi moja ya joto la petroli inayoungua ndani ya injini huchukuliwa na maji, yakalipeleka kwenye rejeta, na upepo unaopita katikati ya rejeta ndio unaoliondoa. Gari likienda kasi ya kilomita 60 kwa saa au zaidi, mwendo wenyewe huleta upepo wa kutosha, na feni haina kazi kubwa. Kazi ya feni ni pale gari linapotambaa au kusimama. Lakini feni ya magari mengi ya zamani huzungushwa na injini kwa mkanda. Injini ikienda kasi, feni nayo huenda kasi, wakati ambapo upepo wa bure upo tele. Injini ikipumua polepole kwenye foleni, feni nayo hulegea, wakati ambapo upepo mwingine haupo. Kwa hiyo msaada ni mwingi usipohitajika, na mdogo unapohitajika.

Wafaransa waliliona jambo hilo mapema. Katika 404 na 504 walifunga feni yenye sumaku ya umeme. Maji yakiwa na joto la kawaida, feni huachwa huru. Maji yakipanda joto, swichi hupeleka umeme kwenye sumaku, nayo huikamata feni izunguke pamoja na puli yake. Ni akili nzuri, na huokoa petroli. Hata hivyo ikishakamatwa, feni haiwezi kuzunguka kuliko injini inavyoiruhusu. Tena sumaku ya gari langu ilikufa zamani, na mwaka 1998 fundi mwingine aliikaza feni kwa skurubu izunguke siku zote. Miaka yote hiyo nilikuwa naendesha gari lenye ugonjwa, ila foleni za Mwanza zilikuwa fupi na ugonjwa haukuonekana.

Dawa ilikuwa feni inayozungushwa na mota yake yenyewe kwa umeme wa betri. Feni ya namna hiyo haijali injini inakwenda vipi. Nikadhani basi kazi imekwisha. Tununue feni tufunge. Fundi akacheka, akaniletea kiti.

Jambo la kwanza, alisema, feni haiponyi rejeta iliyoziba. Akaifungua rejeta, akaiosha, na maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya udongo wa Usukuma. Akagundua pia kwamba thamostati ilikuwa imeng'olewa. Wako mafundi wanaoamini kwamba kuiondoa kunapoza gari, lakini injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto linaloifaa, ikala petroli na kuchakaa bure. Akanunua nyingine akairudisha mahali pake.

Jambo la pili lilikuwa ukubwa wa feni. Mimi nilikwenda mjini mwenyewe kwenye maduka ya vipuri, nikarudi na bei ya feni mpya ya inchi 16, kubwa kuliko zote. Nilifikiri kama wazee tunavyofikiri kuhusu fimbo, kwamba ikiwa nene zaidi ni bora zaidi. Fundi akaniomba karatasi na kalamu. Feni ile ingekula ampea 20 na zaidi. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushei. Waipa ampea 4, koili ya plagi 4, taa ndogo 2. Jumla 19 kabla ya feni. Altaneta yangu kuukuu hutoa ampea 40 hivi ikizunguka kwa nguvu. Lakini kwenye foleni, injini ikizunguka mara 900 tu kwa dakika, hutoa sehemu tu ya hizo. Usiku wa mvua pale Mkuyuni, gari lisingechemsha, lakini betri ingekwisha, nami ningesimama palepale kwa sababu nyingine.

Nilizitazama hesabu zile, safi, zimepangwa vizuri, na jibu lake limepigiwa mstari chini mara mbili kama nilivyowafundisha. Sikusema kitu.

Akanionyesha chaguo alilolipenda yeye, nalo ni feni ya mtumba kutoka Toyota ndogo. Magari hayo huvutwa na magurudumu ya mbele na injini yake imelazwa kukingama, kwa hiyo mkanda hauwezi kuifikia rejeta, na feni ya umeme hutoka nayo kiwandani. Feni ile ilikuwa na inchi 14 na ilikula ampea 10 hadi 12. Zaidi ya hayo, ilikuja na kava yake ya plastiki, na kava ndiyo iliyomvutia fundi. Feni isiyo na kava huvuta upepo kwenye duara lililo mbele ya mapanga yake tu, na pembe zote za rejeta hubaki na joto lake. Yenye kava huvuta kupitia karibu rejeta nzima. Feni ndogo yenye kava nzuri inaweza kuishinda kubwa iliyo uchi.

Jambo la tatu lilikuwa mahali pa kuifunga. Mbele ya rejeta ni rahisi, lakini huko feni huzuia upepo wa bure gari likiwa linakwenda. Nyuma ya rejeta, ikivuta badala ya kusukuma, ni bora, mradi nafasi ipo. Tuliing'oa feni ya zamani, tukapima kwa rula: sentimita 10. Feni ya Toyota pamoja na mota yake ilikuwa na unene wa sentimita 8. Zilibaki mbili, na fundi akaona zinatosha, kwa kuwa injini hutikisika na haitakiwi kuigusa feni. Aliishikilia kwa vyuma bapa vilivyofungwa kwenye fremu ya rejeta. Wako wanaozifunga feni kwa kamba za plastiki zinazopenya kwenye mapezi ya rejeta. Baada ya muda kamba hizo husugua vijibomba mpaka vinavuja.

Jambo la nne lilituletea ubishi. Mimi nilitaka swichi ya mkono kwenye dashibodi, niiwashe feni nitakapoona inafaa. Fundi alitaka swichi ya joto inayokaa kwenye rejeta, inayowasha maji yakifika nyuzi 92 na kuzima yakishuka hadi 87. Nilimwambia kwamba nimeendesha gari hili zaidi ya miaka 30 na naijua hali yake. Akajibu kwa adabu, akitazama chini, "Mwalimu, siku ile ya Mkuyuni ulikuwa unaitazama geji au unamtazama Mama?"

Nilikuwa namtazama Mama. Geji niliikumbuka ilipokwisha kuwa juu. Tukafunga swichi ya joto, naye kwa heshima akaniwekea na ya mkono, iwe akiba.

Swichi ile ni ndogo na haiwezi kubeba ampea zote za feni. Hubeba umeme kidogo tu wa kuiamrisha rilei, na rilei ndiyo hupitisha mzigo mzima kutoka kwenye betri, kwa waya mnene wenye fyuzi yake. Nilipoelewa nilimwambia, "Kumbe rilei ni kiranja. Mwalimu mkuu anasema neno moja ofisini, kiranja anabeba madawati." Wanafunzi wake wa ufundi wakacheka.

Kabla ya kufunga boneti alichana kipande cha karatasi akakishika mbele ya rejeta. Feni ilipowashwa, karatasi ikaruka mbali badala ya kunata. Mota ilikuwa ikizunguka kinyume, ikipuliza mbele. Akabadilisha nyaya mbili, ya huku kule na ya kule huku, na karatasi ikanata kwenye rejeta.

"Umejifunza wapi hili?" nikamuuliza.

"Shuleni kwako, Mwalimu. Nilikuwa na mota ndogo ya redio kaseti, nimeifunga panga la karatasi, nachezea chini ya dawati. Nikigeuza betri, upepo unageuka. Ukanikamata." Akanyamaza kidogo. "Ile mota hukunirudishia."

Niliikumbuka. Niliiweka kwenye mtoto wa meza ya ofisini pamoja na manati, gololi na vitu vingine vya wakorofi, na sijui viliishia wapi. Mtoto yule nilimwandikia kwenye ripoti kwamba hana umakini darasani. Kumbe umakini alikuwa nao, ila chini ya dawati. Nilimwomba radhi pale gereji, mbele ya vijana wake. Alisema, "Aa, Mwalimu, ni mambo ya zamani," lakini niliona kwamba aliipokea.

Siku iliyofuata, saa saba mchana, niliwasha gari uani. Mke wangu alileta kiti chake chini ya mwembe, na saa ya ukutani mapajani. Dakika ya kumi na moja feni ikaanza kuvuma yenyewe, pasipo mtu kuigusa. Baada ya muda ikazima. Ikawaka tena. Sindano ya geji ilipanda kidogo, ikashuka, ikapanda, ikashuka, wala haikufika kwenye alama nyekundu. Nusu saa ilipotimia, mke wangu aliongeza dakika tano, kama msimamizi mkali wa mitihani. Kisha akanyanyuka, akasikiliza, akaniambia, "Kumbe likitembea halihitaji kitu hiki."

"Halihitaji. Mwendo wake unalipoza."

"Kama wewe," akasema. "Tangu ulipostaafu umesimama, na unachemsha kila siku. Unamchemkia dada wa kazi, unamchemkia mjukuu, unaichemkia hata redio. Na wewe tafuta feni yako."

Msomaji, nilistaafu mwaka 2011 nikiwa na miaka 60. Kwa miaka 38 nilikuwa nikiamshwa na kengele, nikingojewa na watoto, wazazi, wakaguzi. Nilidhani utulivu niliokuwa nao ulikuwa tabia yangu. Kumbe ulikuwa upepo wa mwendo. Gari liliposimama hapakuwa na kitu cha kulipoza, nami nilikuwa nimeufunga moyo wangu kwa mkanda kwenye kazi, ukizunguka kazi ikizunguka, ukilegea kazi ikilegea. Mke wangu alikuwa ameishi na mvuke huo kwa miaka kumi na miwili, akinyamaza kama alivyonyamaza Mkuyuni.

Nilirudi gereji kulipa salio la fundi. Nikawakuta wale vijana wanne wakibishana juu ya unene wa waya. Mikono yao inajua kazi, lakini hesabu ya kugawa wati kwa volti inawaogopesha, na kila mara humngojea mkubwa wao. Nikaomba chaki. Hapakuwa na ubao, tukatumia mlango wa chuma. Tangu wakati huo kila Jumamosi asubuhi nakwenda pale saa moja na nusu. Silipwi, wala sijaomba. Mmoja wao sasa hukokotoa fyuzi ya gari zima bila kuuliza.

Mwezi Juni mwaka 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa, mke wangu alitaka kwenda kwao Sengerema kulivuka. Zamani pale Kigongo tulikaa foleni ya kivuko, tukiwasha na kuzima, tukisogea hatua mbili tatu, na gari likichemka. Sasa tulipita takriban kilomita 3 juu ya maji bila kusimama, upepo wa ziwa ukitupiga, na feni haikuwaka hata mara moja. Tulipofika ng'ambo nilisimamisha gari kando, injini ikiunguruma, ili atazame ziwa. Baada ya dakika chache feni ikaanza kuvuma.

"Hiyo," akasema mke wangu, akaendelea kutazama maji.